Shule ya Sekondari Pugu ilianza lini hasa: 1888, au enzi za St. Francis?

Mjukuu wa Kisarawe ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa wazee, shikamooni.

Babu yangu mzaa baba alitutoka wiki chache zilizopita, na tulipokuwa tukipanga makaratasi yake tulikuta bahasha ya kaki yenye risiti za kodi ya kichwa, picha moja ya vijana waliosimama mstari mmoja wakiwa na kaptula nyeupe, na cheti kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikaanza kuachia. Cheti hicho kinaonyesha kwamba babu alimaliza darasa la 12 mwaka 1957 katika shule inayoitwa St. Francis' College, Pugu. Sisi wajukuu tulikuwa tukijua tu kwamba "babu alisoma Pugu", lakini jina hilo la Mtakatifu Fransisko hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nimepewa kazi ya kuandika historia fupi ya marehemu itakayosomwa kwenye ibada ya arobaini, na katika kuuliza huku na huku nimepata majibu yasiyopatana. Baba mdogo anasema ilikuwa seminari na kwamba babu alikuwa anasomea upadri, ila "akageuka njiani". Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyewahi kwenda kuhiji Pugu mara nyingi, anashikilia kwamba shule hiyo ilianzishwa na Wabenediktini, shirika la watawa wa Kikatoliki, mwaka 1888 na kwamba ndiyo shule kongwe kuliko zote za Kanisa katika eneo la Dar es Salaam. Binamu yangu, yeye anasema ilijengwa na Nyerere. Nikiandika lolote kati ya hayo mbele ya wazee waliosoma na babu, naogopa nitasahihishwa hadharani kabla sijafika ukurasa wa pili.

Naomba wenye ufahamu wanisaidie mambo matatu. La kwanza, shule hii ilitokana na nani, na jina la St. Francis lilitoka wapi? La pili, uhusiano wake na Mwalimu Nyerere ulikuwa upi hasa, maana kila mtu anautaja lakini hakuna anayeueleza. La tatu, ambalo ndilo linalonitatiza zaidi, iliwezekanaje shule ya Kanisa ikawa ya serikali wakati rais aliyekuwepo alikuwa Mkatoliki, tena aliyefundisha hapo hapo?

Naomba kuwasilisha.

---

Mchimba Kumbukumbu amejibu:

Pole kwa msiba, ndugu Mjukuu. Nitaanza na hilo la 1888, kwa sababu ndilo chanzo cha mkanganyiko wote, na mzee wa jumuiya yenu hakosei kabisa, isipokuwa anaunganisha vitu viwili vilivyotenganishwa na zaidi ya nusu karne.

Ni kweli kwamba Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888 na kufungua misheni, wakiongozwa na Padri Bonifatius Fleschutz. Shirika lao lilikuwa changa, likiwa limeasisiwa na Padri Andreas Amrhein, na Roma ilikuwa imewakabidhi eneo hili la kusini mwa Zanzibar mwezi Novemba 1887. Waliichagua Pugu kwa kuwa iko kilimani, hewa yake ni nzuri kuliko ya bandarini, na ni mwendo wa siku moja tu kwa miguu kutoka Dar es Salaam. Miongoni mwa watu wa kwanza kuishi katika misheni hiyo walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, na hao walifundishwa kusoma, kusali na kulima. Ukitaka kuliita hilo shule, sawa, lakini haikuwa sekondari na haikudumu.

Haikudumu kwa sababu ya wakati wenyewe. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuchukua utawala wa miji ya pwani kutoka kwa maofisa wa Sultani wa Zanzibar, ikashusha bendera na kudai ushuru kwa jeuri, na pwani nzima ikawaka moto. Bushiri bin Salim ndiye anayekumbukwa zaidi katika vita ile. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa upande wa upinzani waliivamia misheni ya Pugu. Waliuawa Sista Martha Wansing, Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerg, na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa malipo. Majengo yalichomwa. Wabenediktini waliobaki, na wenzao waliokuja baadaye, walihamishia makao yao Dar es Salaam penyewe, ambako walijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu linalotazama bandari. Ujenzi wake ulianza 1897 na kukamilika 1902.

Kumbukumbu ya mauaji hayo ndiyo iliyofanya Pugu ibaki mahali patakatifu kwa waamini, na ndiyo maana leo kuna Kituo cha Hija. Mtu anayekwenda kuhiji anasikia habari za 1888, kisha anasikia kwamba shule iko Pugu hiyo hiyo, na kichwani mwake vitu hivyo viwili vinafunga ndoa. Nimewahi kusimama pale na kikundi cha mahujaji, na mama mmoja aliyekuwa ameshika rozari ya mbao akaniuliza kama wale mabruda waliouawa "walikuwa walimu wa Nyerere". Sikucheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpangia miaka.

Sasa tuje kwenye jina. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na eneo la Dar es Salaam likakabidhiwa Wakapuchini kutoka Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakapuchini ni tawi la familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, wale wavaao kanzu ya kahawia na kamba kiunoni. Kila walipokwenda waliacha jina la baba yao, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara ni mfano ambao kila mtu anaujua. Kwa hiyo jina lililo kwenye cheti cha babu yako lenyewe ni ushahidi. Kama Pugu ingekuwa shule ya Wabenediktini, tungetarajia kukuta jina la Benedikto au la mmoja wa watakatifu wao. St. Francis' College ni shule ya kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Kanisa la Dar es Salaam likiongozwa na Askofu Edgar Maranta, Mkapuchini aliyeshika uongozi huo tangu 1930 hadi 1968 na ambaye mwaka 1953 alifanywa Askofu Mkuu.

Kuhusu seminari: hapana. Lilikuwa chuo cha vijana wa kawaida wa sekondari, ingawa misa, sala na nidhamu yake vingeweza kumfanya mtu wa nje adhani ni seminari. Mfano mzuri ni hayati Rais Benjamin Mkapa. Yeye alipitia Ndanda kwa Wabenediktini na pia alisoma seminari ya Kigonsera, kisha akamalizia sekondari yake St. Francis Pugu mwaka 1956, na mwaka uliofuata akaingia Makerere. Zingatia tarehe hizo, ndugu Mjukuu. Kama babu yako alimaliza 1957, kuna uwezekano mkubwa kwamba walikula bwalo moja kwa mwaka mzima. Hilo mwulize mzee yeyote aliyebaki katika ile picha ya kaptula nyeupe.

Jambo moja dogo la kumalizia. Wakati huo shule za Waafrika zilizofika darasa la 12 zilikuwa za kuhesabika nchi nzima. Jirani ya Pugu, upande wa Kisarawe, ilikuwapo Minaki ya Waanglikana. Kule Tabora ilikuwapo shule ya serikali na St. Mary's ya Mapadri Weupe. Cheti hicho msikikunje tena.

---

Kiongozi wa Jumuiya amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mchimba Kumbukumbu. Mimi nitajibu swali la tatu kwa ufupi: shule zilichukuliwa. Kanisa lilijenga kwa michango ya waamini wa hapa na wa Ulaya, mabruda wakafyatua matofali kwa mikono yao, na mwaka 1970 yote yakaitwa mali ya serikali. Tunapenda kutumia neno "kutaifisha" kwa sababu linasikika kistaarabu, lakini mwenye nyumba akiamka asubuhi na kukuta mwingine ana funguo, haulizi neno lililotumika. Sina chuki na Mwalimu, na namwombea katika mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri, ila historia isipakwe sukari.

---

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Kiongozi, hoja yako ina uzito, lakini imeruka hatua kadhaa, na kijana akiiandika hivyo ilivyo atakuwa ameacha nusu ya habari. Naomba nianze na swali la pili, kwa sababu halitenganishiki na la tatu.

Mwalimu Nyerere hakuijenga Pugu, wala haikuwa shule yake ya kwanza kufundisha. Alipotoka Makerere alianza St. Mary's Tabora, na ni Padri Richard Walsh wa shule hiyo aliyekuwa miongoni mwa waliomwezesha kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alirudi na shahada yake mwishoni mwa 1952, akafunga ndoa na Mama Maria tarehe 24 Januari 1953, kisha wakaenda Pugu. Alikaa pale miaka miwili na kitu tu. Babu yako, kama alianza darasa la 9 mwaka 1954, alimkuta, na huenda alikaa darasani kwake kwa mwaka mmoja na miezi michache.

Lakini angalia yaliyotokea katika muda huo mfupi. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa chama cha TAA, kilichokuja kuwa TANU, katika mkutano wa Ukumbi wa Arnautoglo, akimshinda Abdulwahid Sykes. Miezi minne baadaye, Agosti 1953, serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka uliowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Waraka huo ulikivunja chama miguu katika miji mingi, kwa kuwa wasomi wengi walikuwa makarani, waganga na walimu wa serikali. Nyerere haukumgusa. Kwa nini? Kwa sababu mwajiri wake alikuwa Kanisa. Mwalimu wa shule ya misheni hakuwa mtumishi wa serikali, hata kama shule yake ilipata ruzuku. Watu husimulia sana kwamba siku za mapumziko alikuwa akitembea kwa miguu karibu kilomita 20 kwenda mjini kwenye mikutano, na ni habari nzuri ya kusimulia, lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni hili la mkataba wa ajira. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikiwa na rais ambaye asubuhi ya Jumatatu alipaswa kuwa mbele ya ubao Pugu.

Hali hiyo isingeweza kuendelea. Mwezi Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, na aliporudi ilikuwa wazi kwamba shule inayotegemea ruzuku ya serikali haiwezi kuwa na mwalimu anayeidai serikali hiyo hiyo iondoke. Alitakiwa kuchagua. Alijiuzulu mwezi huo huo wa Machi, akarudi kwao Musoma na familia bila mshahara, na kwa miezi kadhaa alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki, lugha ya kwao, padri wa shirika la Maryknoll. Kwa hiyo Pugu ilimpa kinga, na Pugu hiyo hiyo ikawa mahali alipoiachia kazi ya ualimu. Yote mawili ni kweli.

Sasa tuje kwenye ruzuku, ambayo ndugu Kiongozi hakuitaja. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizisaidia kifedha shule za misheni zilizokubali mitaala na ukaguzi wake. Baada ya uhuru mkono huo ulizidi kuwa mrefu. Mfumo wa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika ulifutwa, walimu wa shule zilizosaidiwa wakaingizwa katika utumishi mmoja, na kuanzia 1964 karo ya sekondari ikaondolewa. Maana yake ni kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule kama Pugu, jengo lilikuwa la Kanisa, mkuu wa shule mara nyingi alikuwa chaguo la Kanisa, lakini mshahara, chaki na chakula vilitoka hazina. Nyumba ilikuwa na wenyewe wawili kabla hata ya sheria kuja.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Elimu Na. 50 ya mwaka 1969, iliyotumika kuanzia 1970. Ilikuja baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967. Waraka huo ulitoa takwimu ambazo kila aliyesomea ualimu enzi zetu alizikariri: mwaka 1961 wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa 11,832, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha 6, kufikia 1967 sekondari ilikuwa na 25,000. Nafasi ni hizo, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa madhehebu ya Kikristo. Mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe, ambaye kwao kuna sekondari mbili nzuri zinazoonekana kutoka shambani, alikuwa akizitazama zote mbili kupitia uzio wa dini nyingine. Yapo mambo mengi ya kumlaumu Mwalimu, lakini mwaka 1969 hakuwa anatatua tatizo la kubuni. Na kwa kuwa alikuwa Mkatoliki anayekwenda misa kila siku, hakuna aliyeweza kusema amefanya hivyo kwa kuichukia dini yake. Nadhani ni yeye tu aliyeweza kulifanya bila nchi kupasuka. Hayo ni maoni yangu.

Seminari hazikuguswa, kwa kuwa kazi yake ni kuandaa mapadri. Hapo ndipo utamjibu baba yako mdogo: kama Pugu ingekuwa seminari, leo ingekuwa bado ya Kanisa.

---

Kiongozi wa Jumuiya amejibu:

Mwalimu, la ruzuku nalikubali, tena nakiri sikuwa nimelipima hivyo. Lakini ruzuku ni kodi ya wananchi, na waamini nao ni wananchi waliokuwa wakilipa kodi. Zaidi ya hayo, makubaliano kati ya serikali na makanisa ya mwaka 1992 yalifungua ushirikiano katika elimu na afya, na Kanisa likaanza tena kujenga sekondari zake upya kutoka msingi. Kama lisingepoteza zile za zamani, lisingelazimika kuanza moja. Angalia majina: St. Francis ya wasichana kule Mbeya, inayotajwa kila matokeo yanapotoka, vijana wa leo hudhani ndiyo St. Francis pekee iliyowahi kuwapo.

---

Mjukuu wa Kisarawe ameandika:

Wazee wangu, nimeshukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Jana nilimpigia simu mzee mmoja wa ile picha, yuko Ifunda kwa mwanawe. Nilipomtajia Mwalimu akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Alikuwa mfupi, mwembamba, na alikuwa hapigi." Kisha simu ikakatika kwa sababu ya mtandao. Nitampigia tena.

Nina swali dogo lililobaki. Katika maandishi yangu, niandike babu alisoma "Shule ya Sekondari Pugu" au "St. Francis' College"? Na je, siku ya mabadiliko hayo ilikuwaje kwa wanafunzi wenyewe? Babu alikuwa ameshamaliza zamani, hivyo hakuwahi kutusimulia.

---

Bibi Msomaji amejibu:

Mjukuu wangu, marahaba. Mimi si mtu wa Pugu, maana ile ilikuwa ya wavulana. Nilisoma shule moja ya masista, nayo ilichukuliwa mwaka huo huo, nikiwa kidato cha 3, kwa hiyo naweza kukueleza upande wa mabweni ulivyokuwa.

Watu hudhani siku ile walikuja askari. Hakuna askari aliyekuja. Walikuja mabwana wawili kutoka wizarani wakiwa na Land Rover na daftari kubwa lenye jalada jeusi, wakakaa na sista mkuu ofisini hadi chai ya saa nne, kisha wakaanza kuhesabu. Sisi wa kidato cha 3 tulipewa kazi ya kusaidia. Tulihesabu vitanda, magodoro, madawati, sufuria za jikoni, hadi vijiko. Sista aliyesimamia jiko alikuwa anasimama pembeni, na kila tulipotaja idadi alikuwa anaisema yeye kwanza kwa sauti ya chini, kabla yetu, na hakukosea hata mara moja. Kanisa dogo la shule halikuhesabiwa. Walilipita tu, mmoja akavua kofia.

Kesho yake kengele iligongwa saa ile ile. Masista waliokuwa walimu wengi walibaki, ila sasa wakiwa wanapokea mshahara kama walimu wengine, na mkuu mpya alikuja muhula uliofuata, mama wa Kitanzania, mkali kuliko masista wote. Misa ya asubuhi haikuwa ya lazima tena, na vipindi vya dini viliwekwa kwenye ratiba ili kila dhehebu lifundishwe na watu wake. Walikuja wasichana wa Kiislamu bwenini kwetu mwaka uliofuata, wawili kwanza, kisha sita. Mmoja wao ndiye rafiki yangu hadi leo, ameniozeshea mwanangu wa kiume. Shamba nalo likawa kubwa. Tulikuwa tukilima kidogo kwa masista, lakini Elimu ya Kujitegemea ilipokolea tulilima mahindi mpaka viganja vikawa kama vya mtu mzima.

Sitakuficha kwamba kuna vitu vilivyoharibika. Kinanda cha kanisani kilihamishiwa ukumbini, mvua ikakikuta, na hakuna aliyejua fundi ni nani. Bustani ya maua ya sista mmoja mzee iligeuka njia ya mkato kwenda bwaloni katika wiki tatu. Hayo hayamo katika sheria wala katika hotuba, lakini ndiyo tuliyoyaona.

Baadhi ya shule zilibadilishwa na majina kabisa. Marian College ya Morogoro, iliyokuwa ya masista wa Maryknoll, ndiyo Kilakala ya leo, na msiichanganye na Marian ya Bagamoyo, ambayo ni ya juzi tu. Pugu yenyewe ina bahati. Ilipoteza jina la mtakatifu lakini ikabaki na jina la kilima chake, ndiyo maana babu yako aliweza kusema "nilisoma Pugu" maisha yake yote bila kulazimika kumweleza mtu lolote.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, andika kama cheti kilivyoandika, St. Francis' College, Pugu, kwa sababu hilo ndilo jina la shule aliyoingia na kutoka. Kisha mstari unaofuata waeleze vijana kwamba ndiyo Shule ya Sekondari Pugu ya serikali wanayoifahamu, kule kilimani juu ya reli.

Na ukienda siku moja, usiishie kwenye nyumba aliyokaa Mwalimu, ambako kila mgeni hupelekwa. Omba uingie maktaba. Kwetu, vitabu vya zamani vilikuwa na mihuri miwili kwenye ukurasa wa kwanza: wa misheni wa mviringo, wa wino wa zambarau, na wa wizara wa mstatili uliogongwa juu yake, lakini waliogonga walikuwa na haraka na haukuufunika wa kwanza vizuri. Kama Pugu navyo bado vipo, utalisoma jina la St. Francis nusu nusu pembeni ya muhuri wa pili. Piga picha hapo, uiweke kwenye historia ya babu badala ya maneno yangu mengi.

---

Mjukuu wa Kisarawe ameandika:

Bibi, nimekuelewa. Ibada ni Jumamosi ijayo, na Jumatano nina ruhusa kazini. Nitapanda daladala la asubuhi hadi Pugu nikiwa na barua ya utambulisho na nakala ya cheti, halafu nitarudi hapa niwaambie kama mihuri ipo.

Yule mzee wa Ifunda nimempata tena jana jioni. Anasema kaptula zile pichani hazikuwa nyeupe, zilikuwa za kaki. Ni picha yenyewe iliyopauka.